Kandokando ya Ruvuma, kutoka Kilambo hadi Daraja la Umoja

Jumatatu, Mtwara mjini

Kesho naanza kuufuata mto Ruvuma, kutoka Kilambo ambako unakaribia bahari hadi Mtambaswala lilipo Daraja la Umoja. Nataka kuona kwa macho biashara yetu na Msumbiji inavyokwenda, hasa ya watu wadogo, maana ya wakubwa ina wa kuisemea. Likitajwa neno mpaka, Watanzania wengi hukumbuka Namanga, Holili, Sirari au Tunduma. Mpaka wa kusini hausikiki ila kukiwa na habari mbaya. Sisi wa Mtwara tunaishi nao mwaka mzima, na ni haki yetu kuueleza.

Leo nimeshinda sokoni na kwenye maduka ya jumla. Huku hakuna haja ya redio kujua kama ng'ambo kumetulia, waulize wauza vitenge na wauza sabuni. Mzee mmoja wa duka la jumla ameniambia mteja wa ng'ambo hanunui kimoja. Akija anachukua katoni, tena kwa fedha taslimu, na habishani sana bei kwa kuwa anawahi maji ya mtoni. "Miezi asiyoonekana," amesema, "hata kijana wangu wa kupakia mzigo namwambia akae nyumbani."

Jioni nimeteremka bandarini. Hii bandari yetu yenye kina kirefu ni zao la mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kufa mwaka 1951. Ilijengwa pamoja na reli ya kwenda Nachingwea. Karanga hazikukubali, reli ikaja kung'olewa miaka ya 1960, bandari ikabaki. Desemba 2004 Tanzania, Msumbiji, Malawi na Zambia zilitia saini makubaliano ya Ukanda wa Maendeleo wa Mtwara, ili mizigo ya bara itokee hapa. Lami imefika Mbamba Bay, Ziwa Nyasa, na hilo ni jambo kubwa kwa yeyote anayekumbuka safari ya Tunduru kwenda Songea wakati wa masika. Reli bado tunaisubiri.

Lakini mipango yote hiyo inatazama magharibi, kwa wenye malori. Jirani wa kusini, ambaye unamfikia kwa mwendo wa saa moja na ushei, anakumbukwa mwishoni. Hilo ndilo linaloniuma, na ndilo linalonipeleka Kilambo.

Jumanne, Kilambo

Nimefika mapema kwa bodaboda, vumbi hadi masikioni. Kuna majengo ya uhamiaji na forodha, vibanda vya chai na chapati, vijana wa kubadilisha fedha wenye mafungu ya pesa za Msumbiji mkononi, halafu mto. Ruvuma hapa ni mpana kupita unavyodhani ukiutazama kwenye ramani. Rangi yake ni ya udongo, na mwisho huu wa kiangazi umejaa mafungu ya mchanga katikati. Maji ya bahari hupanda na kushuka hadi huku, kwa hiyo kivuko cha magari hufuata saa za maji kujaa. Yakipwa, chombo hakisogei. Watu hawana subira hiyo, wanapanda boti na mitumbwi, na mvushaji anatafuta njia kati ya mafungu kwa upondo huku akiangalia viboko.

Nimekaa chini ya mwembe na mama mmoja wa Mahurunga, mtu mzima kidogo kuliko mama yangu. Nimemwamkia, akaniitikia, akaniuliza wa wapi. Nilipomwambia Mikindani akasema basi mimi ni mwanawe, maana mumewe alizaliwa huko. Amekuwa akivuka tangu usichana. Anapeleka mafuta ya kula, miche ya sabuni na ndala, anarudi na samaki wakavu. Shangazi yake yuko Kionga, ndiye anayempokea na kumlaza. Huko wanaongea Kimakonde, Kimwani na Kiswahili. Kireno anakijua cha kuhesabu tu, cha kumjibu askari.

Hapo Kionga pana kisa chake. Mwaka 1886 Wajerumani na Wareno walikubaliana kuwa mpaka ni Ruvuma. Mwaka 1894 Wajerumani wakaichukua Kionga, iliyo kusini ya mto, wakaifanya yao. Mwaka 1916 Wareno wakairudisha kwa bunduki, na mkataba wa Versailles wa 1919 ukawathibitishia. Kwa hiyo bibi wa huyu shangazi, bila kuhama kijiji, aliwahi kuwa raia wa Mjerumani pamoja na bibi wa huyu mama wa Mahurunga, kisha asubuhi moja akaambiwa kwamba nduguye wa ng'ambo ni mgeni. Hakuna aliyewauliza.

Sasa sikiliza namna anavyovuka. Yeye mwenyewe hana tatizo. Mtanzania haombi viza kuingia Msumbiji, wala wa huko haombi kuja kwetu, na asiye na pasipoti huchukua hati ya dharura. Mtu anavuka. Mzigo ndio unaokwama.

Nchi zote mbili zimo SADC, Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, na eneo huru la biashara la SADC lilizinduliwa Agosti 2008. Kwa kanuni, sabuni iliyotengenezwa Tanzania iingie Msumbiji bila ushuru wa forodha. Ila ili itambulike kuwa ni ya Tanzania inahitaji cheti cha uasili wa bidhaa, na cheti hicho hakipatikani chini ya mwembe wa Kilambo. Kina fomu, kina ofisi, kina mtu wa kukujazia, na kila mzigo una cha kwake. Mwenye lori la saruji anayo kampuni ya kumhangaikia. Mama mwenye madumu mawili ya mafuta, gharama ya kukifuata cheti mjini inameza faida yote.

Wenzetu wa kaskazini walishalivuka hili. Ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 hupewa cheti rahisi palepale mpakani, akaendelea na safari. Ndivyo ilivyo Namanga. Lakini Msumbiji haimo Afrika Mashariki. COMESA, soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika, nayo ina utaratibu wake wa wadogo, na huko Msumbiji ilijitoa mwaka 1997 na sisi tukatoka mwaka 2000. Zimebaki SADC na ujirani. Naandika haya kwa urefu kwa sababu watu hudhani kikwazo cha Kilambo ni mto.

Saa nne maji yalipoanza kupanda, mama alifungua katoni ya sabuni. Akaitoa miche mmoja mmoja, akaitandaza juu ya kanga, akaanza kuifunga minne minne kwenye vitambaa. Kila fungu akalikabidhi kwa abiria mwingine wa boti: msichana mwenye mtoto mgongoni, mzee wa kwenda mazishini, kijana wa shule. Kila mmoja akatia fungu lake kikapuni kama sabuni ya matumizi ya nyumbani. Upande wa pili angeyakusanya tena na kuwapa asante yao kidogo. Hakukuwa na aliyejificha; askari aliona, sisi sote tuliona. Nimemuuliza haogopi? Akasema, "Mwanangu, ningepewa karatasi ya kulipia nikalipa mara moja, ningelala usingizi. Sasa huku nalipa, kule natoa, na bado naonekana mwizi."

Nimeumia kusikia hivyo. Mwanamke huyu amesomesha watoto kwa miche ya sabuni, na sheria haina mahali pa kumweka isipokuwa kwenye kundi la wapitisha magendo.

Jumatano, Kitaya hadi Newala

Njia ya leo inapanda na mto kisha inauacha. Nimesimama Kitaya. Siwezi kuandika habari ya kufungua mpaka nikapita Kitaya kimya. Oktoba 2020 wapiganaji kutoka ng'ambo walivuka wakaja kuua watu na kuchoma nyumba hapa. Vita vya Cabo Delgado, mkoa wa Msumbiji unaopakana nasi, vilikuwa vimeanza Oktoba 2017 kule Mocímboa da Praia, na Machi 2021 vikafika Palma, mji ambao wafanyabiashara wetu wanaujua kama wanavyoijua Mikindani. Wakati ule wakimbizi walifika hadi huku kwetu, na wengi walikuwa ndugu.

Babu mmoja aliyekuwa akisuka mkeka uani aliniruhusu nikae. Hakutaka kuelezea usiku ule na sikumlazimisha. Nilimuuliza jambo moja tu, kama angependa mpaka ufungwe kabisa. Akakaa kidogo. Akasema shamba lake la mpunga liko bondeni, la kaka yake liko bonde la pili, na tangu utoto wao mazao yalikuwa yanavushwa kufuata wapi kuna njaa. "Wakifunga, sisi tutakaa. Wale wabaya hawakuja na hati."

Nimelitafakari neno lake njia nzima. Hofu ya usalama ni ya kweli na wanajeshi wetu wanaolinda mto ule wanastahili heshima. Ila mpaka ukiwa mgumu kwa mwenye nia njema, naye hutafuta njia za panya, na njia hizo zikishazoeleka na wema hakuna tena wa kumshangaa mgeni anayepita usiku. Mama wa Mahurunga akipita mlangoni na karatasi yake, ofisa atajua jina lake, mzigo wake, na siku aliyorudi. Atamjua hata anayefuatana naye. Mimi naona kituo chenye huduma rahisi ni sehemu ya ulinzi, na ningependa wanaopanga ulinzi walione hivyo.

Kupitia Nanyamba na Tandahimba, barabara inajengwa vipande vipande. Kuna lami, kuna vumbi, kuna michepuko. Mikorosho pande zote mbili. Mabibo yameanza kuanguka na harufu yake inaingia garini hata vioo vikifungwa. Tumefika Newala jua likizama. Nimewahi Shimo la Mungu kabla ya giza, pale ambapo uwanda wa Makonde unakatika ghafla na bonde lote la Ruvuma linatandazika chini. Msumbiji iko mbele yako, imejaa moshi wa mashamba yanayosafishwa. Watu wa ng'ambo ya bonde ni Wamakonde wa uwanda wa Mueda. Chakula cha usiku ugali wa muhogo na kisamvu, na asubuhi nimeahidiwa ming'oko, vile viazi vya porini.

Alhamisi, Newala

Ming'oko imepatikana, imechemshwa na chumvi tu, na nimekula kwa raha. Siku nzima imekuwa ya korosho.

Mkorosho wenyewe ni mgeni wetu sote: Wareno waliuleta kutoka Brazili, ukaota Msumbiji, ukaja na huku. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Msumbiji ndiyo iliyoongoza duniani kwa korosho, kabla ya vita kuharibu mashamba na viwanda. Leo zao linavuka mto kufuata bei. Mwaka ambao mnada wa kwetu umepanda, korosho ya ng'ambo inakuja usiku kwa pikipiki na mitumbwi. Ukishuka, ya kwetu inakwenda.

Kwetu mkulima anapeleka mzigo chama cha msingi, unapimwa, unaingia ghalani, unauzwa kwa mnada. Stakabadhi ghalani ilianzia mkoa huu msimu wa 2007/2008. Anayekosa subira, au mwenye mgonjwa nyumbani, anauza kangomba, kwa bakuli, kwa bei ya kusikitisha. Korosho ya ng'ambo huingia kwa mlango huohuo wa kangomba, kwa sababu haina chama wala shamba la kuonyesha. Novemba 2018 serikali ilipoamua kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likasomba mizigo, kila mkulima alihakikiwa shamba lake. Mkulima mmoja hapa Newala amenieleza kuwa shamba la baba yake liko ng'ambo tangu kabla ya uhuru. Magunia yalikuwa yake kwa jasho lake, lakini shamba halikuwa kwenye daftari la kijiji. Alisubiri hadi akachoka.

Halafu kuna jambo ambalo nashangaa halizungumzwi. Tanzania inatoza korosho ghafi inayotoka nje ushuru wa asilimia 15 au dola 160 kwa tani, kutegemea kipi ni kikubwa. Msumbiji, kwa sheria yao ya 1999, iliweka kati ya asilimia 18 na 22. Nia ni moja: korosho ibanguliwe nyumbani, isiende India na Vietnam na ganda lake. Sisi tulijenga viwanda 12 vya kubangua miaka ya 1970 na 1980, na vingi vikaishia kuwa maghala. Kiwanda hufa kikikosa malighafi ya kutosha mwaka mzima. Sasa fikiria kiwanda cha Newala au Masasi kinachoruhusiwa kununua kihalali korosho ya Mueda, na cha ng'ambo kikanunua ya Tandahimba, zikapimwa na kuandikwa, ushuru wa ghafi usitozwe kwa kinachobanguliwa upande wowote wa mto. Wabanguaji ni akina mama na vijana wa pande zote. Kila nchi peke yake inamkabili mnunuzi mkubwa wa Asia. Kwa nini zisimkabili pamoja?

Katibu wa chama kimoja cha msingi alinisikiliza hadi mwisho, akasema wasiwasi wake ni ubora: korosho ya magendo huja na unyevu, inashusha daraja la ghala zima. Ni hoja ya haki. Nikamjibu kwamba ya magendo huja mbichi kwa sababu inakimbizwa usiku. Ingepita mchana ingekaushwa kwanza. Hakukubali wala hakukataa. Alinipa korosho za kukaanga za njiani, nikashukuru.

Ijumaa, Masasi

Siku ya kupita tu. Nimeswali Ijumaa hapa, nimekula pilau, nimetafuta gari la Mangaka.

Msikitini nimekutana na mzee aliyekulia Nachingwea. Anaikumbuka kambi ya FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, vijana wa Samora Machel wakifanya mazoezi, na wanakijiji wakichangia muhogo na mahindi. Vita vyao vilianza Septemba 1964, na Juni 1975 Msumbiji ikawa huru. Anasema wakati ule hakuna aliyemuuliza mtu hati. Ukiwa Mmakua wa huku au wa kule, ulikuwa unakwenda vitani kwa jambo lilelile. Hakusema kwa malalamiko. Ana wajukuu Montepuez, huko Msumbiji, ambao hajawaona kwa miaka, na aliniomba nikifika darajani niulize nauli ya kwenda huko.

Jumamosi, Mtambaswala

Kutoka Mangaka hadi mtoni ni lami tupu, kilomita sitini na kitu, gari linateleza. Nimeshangaa uzuri wa barabara na uchache wa magari. Kisha ghafla, daraja.

Lina urefu wa mita 720. Nyerere na Machel waliliwaza tangu 1975. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 2005, Mkapa, mtoto wa Lupaso hapo Masasi, akiwa bado rais wetu, na Kikwete na Armando Guebuza wa Msumbiji walilifungua tarehe 12 Mei 2010. Serikali mbili zilichangia gharama zenyewe. Nimetembea hadi katikati kwa ruhusa ya askari, na sioni aibu kusema nilifurahi sana. Kazi ya mikono ya nchi mbili masikini, imesimama imara.

Ila kwa muda wote niliokaa pale yalipita malori machache, pikipiki kadhaa, na kina mama wawili kwa miguu. Ng'ambo ni Negomano, mahali penye watu wachache, na kwa miaka mingi barabara ya kutoka hapo kwenda Mueda ilikuwa ya vumbi, mvua zikinyesha haipitiki. Dereva mmoja wa lori aliyekuwa akisubiri nyaraka zake alinieleza kuwa daraja lenyewe analivuka kwa dakika chache. Kinachomlaza njiani ni karatasi, kwanza upande huu, kisha zilezile tena upande wa pili kwa Kireno. Nilimtajia Tunduma na Nakonde, ambako kituo ni kimoja na ofisa wa Tanzania na wa Zambia wanakagua mahali pamoja. Anakijua, amewahi kupita. "Hapa tungepata hicho, ningelipa hata zaidi," akasema, kisha akanitajia nauli ya Montepuez nikaiandika kwa ajili ya mzee wa Masasi.

Kutoka Kilambo hadi hapa, kwa njia ya magari, ni zaidi ya kilomita mia tatu. Daraja liko kusiko na watu, na watu wako kusiko na daraja. Sisemi lilijengwa bure, kwa kuwa lami ya ng'ambo ikikamilika malori yatakuja, na mbao, saruji na ufuta vitapita. Lakini cheti rahisi cha mwenye mzigo mdogo hakihitaji nguzo wala zege. Kinahitaji mawaziri wawili wa biashara wakubaliane orodha ya bidhaa na kiwango cha thamani, meza moja Kilambo, meza moja ng'ambo, na ofisa anayejua Kiswahili, ambaye pande zote mbili wapo. Kingeweza kuanza msimu ujao wa korosho.

Jioni, nikiwa Mangaka, nimempigia simu mama wa Mahurunga kumjulisha nimefika salama, kama alivyoniagiza. Nikamweleza daraja lilivyo. Akauliza kama nalo lina ile karatasi ya Namanga niliyomsimulia. Nikamwambia hapana, haipo.

"Basi ukiandika," akasema, "waambie waanze na hiyo. Hilo daraja nitalipanda nikishanunua lori."